Wa Kwanza Kuingia Majini

Siku ya saba, saa tano asubuhi, pengwini zaidi ya elfu moja walikuwa bado wamesimama kwenye ukingo wa barafu, na hakuna hata mmoja aliyetaka kuwa wa kwanza kuingia majini. Mbele yao palikuwa na mwanya mmoja tu wa maji meusi, haukuzidi upana wa uwanja wa mpira. Nyuma yao kulikuwa na kilomita kumi na saba za barafu ya bahari, na mwisho wa kilomita hizo wenzi wao walikuwa wamewafunika vifaranga kwa matumbo, wakingoja chakula. Mimi nilikuwa kituoni, mbali na mwanya, nimevaa makoti mawili ndani ya nyumba, nawatazama kwenye kioo na kuwatukana kimoyomoyo.

Mia tatu na kumi na wawili kati yao walikuwa na vinasa mgongoni. Kinasa ni kidude cha ukubwa wa punje ya hindi, tunakibandika kwenye manyoya kwa gundi, nacho kinaniambia ndege yuko wapi, moyo wake unapiga mara ngapi, amezama kina gani na amemeza mara ngapi. Kwa miaka kumi na mmoja nimechora safari zao za kutafuta chakula, msimu kwa msimu. Wakati wa baridi kali, barafu inapotanuka, mistari yao huwa mirefu, kilomita themanini kwenda na themanini kurudi. Barafu ikianza kukatika mistari hufupika, hata ikifika kiangazi inajisokota pwani kama uzi uliochezewa na paka. Mwaka huo barafu ilikatika mapema, kisha upepo ukaisukuma ikajifunga tena, ikabakiza mwanya ule mmoja.

"Mioyo inapanda," nilisema. "Wanamwona."

"Nani asiyemwona?" alijibu Faki. Alikuwa amesimama kwenye meza ya jikoni, hatua tano kutoka kwangu, anasukuma chapati. "Yuko pale tangu Jumatatu. Mie ningekuwa pengwini ningesharudi nyumbani, nikamwambie mke wangu mambo yamekuwa magumu."

Aliyekuwa akizungumziwa ni sili mkubwa mwenye madoa, mwenye kichwa kama cha nyoka, ambaye sisi kituoni tunamwita chui. Kamera yetu ya mlingoti, iliyosimikwa pembeni mwa mwanya, ilimwonyesha akipita chini ya maji taratibu, kama mlinzi anayezunguka ghala. Pengwini wanamjua. Wa mbele wakiona kivuli chake hurudi nyuma, wa nyuma huwasukuma, na hivyo hivyo asubuhi mpaka jioni.

Mlango ukafunguliwa, baridi ikaingia kwanza, kisha Dakta Mwakio. Yeye ndiye mkuu wa kituo, mtu wa Taita, mpole sana siku zote, lakini asubuhi ile hata salamu hakutoa.

"Meli nane," alisema. Alibonyeza pembe ya kioo, na nukta nane nyekundu zikatokea kaskazini ya mwanya, zimejipanga kwenye mstari kama watu wanaongoja duka lifunguliwe. "Zimefika usiku. Zinangoja saa tisa."

Hakuwa na haja ya kunieleza zinangoja nini. Kwenye ramani, kuuzunguka mwanya wetu, kulikuwa na duara jeupe, na jeupe maana yake ni kwamba halijathibitishwa. Sheria ya Baraza la Duara inasema hivi: pale ndege wetu wanapokula uduvi, meli ya kuvua uduvi haingii msimu mzima. Lakini sharti tuthibitishe kwamba wanakula pale. Ndege mia moja wenye vinasa waingie majini ndani ya siku saba, na waingie kwa hiari yao. Wasipoingia, Baraza linasema pale si mahali pa chakula, duara linafutwa, na meli zinaingia na mabomba yao yanayofyonza uduvi mchana na usiku.

Siku ya saba ilikuwa ile, na saa tisa alasiri ndiyo ilikuwa mwisho.

"Mwaka jana kule mashariki," alianza Dakta Mwakio.

"Najua ya mashariki, Daktari. Ni mimi niliyehesabu."

Nilihesabu kweli. Kundi la mashariki walichelewa siku mbili tu, duara likafutwa, na mwezi wa kumi na moja nikapelekwa na kidude cha kubofya mkononi nikabofya maiti za vifaranga elfu sita na mia moja na kumi. Zilikuwa nyepesi, zimekauka, upepo unazihamisha huku na huku nami nikiogopa kuhesabu moja mara mbili. Niliporudi kituoni sikuweza kula kuku kwa miezi mitatu. Hapa kwetu vifaranga walikuwa elfu nne.

Dakta Mwakio alivuta kiti akaketi karibu yangu. Alipozungumza, alizungumza kwa sauti ya chini.

"Stamili. Kuna mkono."

Pale jikoni Faki aliacha kusukuma chapati.

* * *

Katika kila kundi la pengwini kuna ndege mmoja ambaye kinasa chake kina kazi ya ziada. Ukigusa kitufe fulani hapa kituoni, kinasa hicho kinausisimua mshipa wa fahamu mgongoni mwake, naye anahisi kama mwenzake anamsukuma kutoka nyuma au ubavuni. Pengwini akisukumwa husogea, maisha yao yote ni kusukumana. Hiyo kazi ya ziada tunaiita mkono. Ilibuniwa kwa jambo moja tu, kumwondoa ndege kwenye barafu inayokatika chini ya miguu yake, na kwa matumaini kwamba wenzake watamfuata.

Ukiutumia kwa jambo lingine umevunja kiapo. Kwa hiyo kuna daftari jekundu, na kuna desturi yake: mwenye kuutumia mkono haandiki. Anaandika shahidi, yaani mwenzake wa zamu, kwa kalamu inayopeleka kila neno Barazani mara mhusika anapotia sahihi. Ukishaandika huwezi kufuta.

Miaka mitatu nyuma, Faki Shehe wa Pemba alikuwa mfuatiliaji kama mimi, tena hodari kunishinda. Jike mmoja alipotea kwenye ukungu, amejaza tumbo chakula, akawa anatembea kuelekea siko. Faki akatumia mkono kumgeuza. Shahidi nilikuwa mimi. Niliandika mstari mmoja: mkono umetumika, barafu ilikuwa salama. Akavuliwa kazi. Msimu uliofuata alirudi kama mpishi na fundi wa jenereta, kwa sababu hiyo ndiyo nafasi pekee iliyokuwapo, na tangu siku hiyo alinipikia, akanitania, akaniita mtu wa Lushoto asiyejua baridi ya kweli, lakini habari ya daftari hatukuigusa hata siku moja.

"Daktari, mbele yake tusizungumze hayo," nilisema.

"Atakuwepo tu. Hapa hata mpishi hushika zamu, na leo ni yake. Ndiye shahidi wako."

"Mie naendelea na chapati," alisema Faki. Hakuendelea.

Dakta Mwakio alionyesha nukta moja ya kijani katikati ya kundi. "Mmoja tu, Stamili. Mmoja akiingia, wengine wataingia. Na mkubwa wao akitangulia ndio kabisa."

Nukta ile ilikuwa Shangazi. Ndiye niliyembandika kinasa kwa mikono yangu mwaka wangu wa kwanza, nikampa jina hilo kwa sababu anatembea kama shangazi yangu wa Lushoto, tumbo mbele, kichwa juu, kama anayekwenda kudai mahari. Kanuni inasema tuwaite kwa namba. Yake ni 0041. Hakuna aliyewahi kumwita hivyo.

Mkono tuliufunga kwake kwa sababu ndiye mwenye umri mkubwa kuliko wote. Nakumbuka kikao. Ilituchukua dakika mbili kukubaliana. Mkubwa hutangulia, wadogo hufuata, tulisema, na hakuna aliyebisha wala aliyetaka kupima, maana sote mezani tulikuwa tumelelewa hivyo. Ndivyo tunavyoingia msibani, ndivyo tunavyonawa mikono.

"Na chui?" niliuliza.

"Mwanya ni mkubwa. Huenda akapita salama."

"Huenda."

"Ni ndege mmoja, dada. Ana miaka kumi na tisa, amebakiza miwili mitatu. Kwa vifaranga elfu nne." Macho yake yalikuwa mekundu, nadhani hakuwa amelala. "Nipe njia nyingine nami nitaifuata."

Saa sita ikapita. Saa saba ikapita. Mara moja ndege kama hamsini wakajongea hadi ukingoni kabisa, mmoja akainama kutazama maji, nikasimama kwenye kiti changu nikisema ingia, baba, ingia. Kivuli kikapita. Wote wakarudi nyuma wakipigana mabawa.

Saa nane na dakika ishirini nilifungua kifuniko cha kitufe. Nilitegemea Faki aseme neno, anikataze au anicheke. Alikuja tu akasimama nyuma ya kiti changu, unga mikononi, akatazama.

Niligusa.

Kwenye kamera Shangazi alisogea hatua moja mbele, akasimama. Kisha akageuka kutazama ni nani anayemsukuma. Nyuma yake palikuwa na nafasi tupu. Nikagusa tena. Akasogea, akageuka tena, akainamisha shingo upande mmoja kama anayeuliza. Nilihisi haya ambayo sijawahi kuihisi mbele ya mtu yeyote.

"Endelea, kama umeamua," alisema Dakta Mwakio. "Usimtese."

Nikabonyeza na sikuachilia. Shangazi alipita katikati ya wenzake, nao wakampisha. Akafika ukingoni, akajilaza kwa tumbo, akateleza, akaingia.

Mita nne. Mita tisa. Mita thelathini.

Tukaangalia ukingo. Ndege elfu moja walinyoosha shingo, wakatazama maji pale alipoingilia, na hakuna aliyenyanyua mguu. Dakika moja. Mbili.

"Mfuateni," Dakta Mwakio alikuwa akisema kwenye kioo. "Mfuateni mama yenu."

Hawakumfuata. Kwao yeye hakuwa mkubwa wa mtu. Alikuwa ndege aliyeingia majini, na wao walikuwa ndege ambao hawajaingia.

Dakika ya nne mstari wa kina cha Shangazi ulipanda kwa kasi, ukakatika kwa upande, ukapanda tena. Moyo wake ulipiga mara mia mbili na ishirini kwa dakika. Niliushika ukingo wa meza. Dakika ya tano ulipiga mara thelathini, kisha mara tisa, kisha kinasa kikaandika sifuri, na kwa kuwa ni kifaa kizuri kiliendelea kuandika sifuri kila baada ya sekunde mbili.

Nilitoa sauti ambayo sikujua kuwa ninayo. Hakuna aliyeniambia ninyamaze.

Wale ukingoni hawakusogea. Dakika saba. Tisa. Nikasema basi, tumemuua bure. Dakika ya kumi na moja ndege mmoja mdogo, wa msimu wake wa kwanza wa kuzaa, asiye na sifa yoyote kwenye kumbukumbu zangu, alitembea hadi mwisho wa barafu na kujitosa. Nyuma yake ukingo mzima ukamiminika.

Hesabu ilipanda kwa haraka hata namba hazisomeki. Sitini. Tisini. Mia na nne, na duara kwenye ramani likageuka kutoka jeupe kuwa buluu. Iliposimama ilikuwa mia mbili na thelathini na mmoja, na saa nane na dakika arobaini na mbili. Nukta nane nyekundu zikaanza kugeuka kaskazini, moja baada ya nyingine. Dakta Mwakio alinikumbatia akilia na kucheka.

* * *

Daftari jekundu lilikuwa mezani kati ya sahani tatu za chapati ambazo hakuna aliyezigusa. Faki alikuwa amenawa mikono. Alikuwa ameshika kalamu, lakini kifuniko chake kilikuwa bado hakijatolewa.

"Hakuna cha kuandika," alisema Dakta Mwakio. "Sikilizeni. Mkono ulitumika, ndiyo, lakini haukufanya kitu. Hawakumfuata. Sote tumeona kwa macho yetu. Dakika kumi na moja! Waliingia kwa hiari yao wenyewe. Sheria inataka hiari, nasi hiari tunayo."

Nilitamani kuyaamini maneno hayo kwa moyo wangu wote. Yalikuwa na sura ya kweli. Tena yalinipa njia ya kuliona duara la buluu bila kumwona Shangazi akigeuka kutazama nyuma.

"Bi Stamili," alisema Faki. "Rudisha kamera kwenye dakika ya kumi."

"Ya nini?"

"Rudisha tu."

Nikarudisha. Akaweka kidole chake kwenye kona ya juu ya kioo, upande wa pili wa mwanya, mahali ambapo sikuwa nimepatazama hata mara moja. Chui alikuwa juu ya maji, anapigapiga kitu cheupe na cheusi kwenye maji ili akichane. Kisha akapanda kwenye barafu, mzito, akajilaza ubavu. Akafumba macho. Hapo ndipo ndege mdogo alipotembea.

"Walingoja ashibe," alisema Faki.

Dakta Mwakio alitazama, akageuza uso. "Hilo huwezi kulithibitisha."

"Daktari, mie si wa kuthibitisha, mie ni mpishi. Nasema nilichokiona."

"Na ukikiandika, unajua kitakachotokea?"

Tulijua. Neno mkono likifika Barazani, duara linageuka njano mpaka wazee wa Baraza wakae. Wakikubali, linarudi buluu. Wakikataa, meli zinaingia, na Shangazi atakuwa ameliwa kwa ajili ya mabomba. Nami nitavuliwa kazi kama Faki alivyovuliwa, hilo halikuwa na mjadala.

Faki alinisukumia daftari. Aliacha kalamu juu yake.

"Uliandika mstari mmoja, siku ile," alisema. Hakuwa na hasira, na hilo liliniuma zaidi. "Mie sikukulaumu kwa kuandika. Ulichoandika kilikuwa kweli. Lakini yule jike alifika nyumbani, Bi Stamili. Alifika akamlisha mwanawe kwa zamu ya mwisho ya uhai wake, na yule mtoto akapona, wewe mwenyewe ulimbandika kinasa mwaka uliofuata. Hilo hukuliandika."

Miaka mitatu nilikuwa nikijiambia kwamba nilitimiza wajibu. Nilifungua kinywa kulisema hilo, nikaona aibu. "Niliogopa," nilisema. "Mstari mmoja ulikuwa rahisi. Nisamehe, Faki."

Faki alivuta sahani karibu, akaisogeza mbali.

"Leo kalamu ni yangu," alisema. "Unataka niandike nini?"

Dakta Mwakio alinitazama. Nilijua anachoomba, na hakuwa mtu mbaya kwa kuomba. Alikuwa na vifaranga elfu nne nyuma yake. Mimi nilikuwa nao vilevile.

"Yote," nilisema. "Andika yote uliyoyaona, usiache kitu. Na ya mashariki uyaandike."

Faki akatoa kifuniko cha kalamu. Aliandika kwa dakika ishirini, polepole, kwa mwandiko wa chuoni, akisoma kila sentensi kwa sauti. Kwamba mkono ulitumika saa nane na dakika ishirini, na barafu ilikuwa salama. Kwamba 0041 aligeuka mara mbili kutazama. Kwamba hakufuatwa. Kwamba chui alimla, akashiba, akalala, ndipo mia mbili na thelathini na mmoja wakaingia kwa miguu yao. Kwamba meli nane zilikuwa zikingoja, na mwaka jana mashariki walikufa elfu sita na mia moja na kumi. Kwamba sharti la siku saba halimjui chui, na walioliandika waje walione wenyewe. Kwamba mkono ulifungwa kwa ndege mkubwa kwa sababu sisi tulidhani ndege wana adabu zetu.

Nikatia sahihi. Kabla wino haujakauka duara likageuka njano. Nukta nane nyekundu zikasimama pale zilipokuwa.

"Baraza litakaa kesho asubuhi," alisema Dakta Mwakio. Alichukua koti lake. Mlangoni aligeuka. "Wakikataa, Stamili, mwezi wa kumi na moja hutahesabu peke yako. Nitakuja nawe. Nitataka unionyeshe unavyobofya."

Mlango ukafungwa. Tukabaki wawili, na sifuri za Shangazi zikiendelea kuandikwa kwenye kona ya kioo. Nilizizima.

Faki alifungua friji ya jikoni. Akatoa samaki wadogo, wale aliokuwa ameficha kwa ajili ya sikukuu, akawatia kwenye mashine ya kusagia na maji ya uvuguvugu na mafuta kidogo. Nilisubiri mashine inyamaze.

"Unafanya nini?"

"Mume wake yuko kule. Hajala wiki tatu. Ana mtoto juu ya miguu yake, na anayengojwa haji."

"Kuwalisha ni marufuku, Faki. Hiyo ni kuvunja kiapo mara ya pili siku moja."

"Najua," alisema. Akamimina uji ule wa samaki kwenye chupa ya chai. "Ndiyo maana nakwambia uchukue daftari."

Tulikwenda kwa pikipiki ya theluji, kilomita tatu, jua likiwa bado juu ya vilima vya barafu. Tulimpata kwa namba ya kinasa, amesimama pembeni mwa kundi, ameelekea baharini. Alipotuona alinyoosha shingo, akaita ule mwito wao mrefu wa kumpokea mwenzi anayerudi, kisha akanyamaza, akatutazama. Kati ya miguu yake kichwa kidogo cha kijivu kilichungulia na kupanua mdomo.

Nilipiga magoti kwenye theluji. Faki alisimama nyuma yangu, akafungua daftari.

Nikavua glavu, nikafungua ile chupa.

"Andika," nilimwambia.